Wimbo wa Friji

Kinanda cha kanisa letu pale Turwa hakitumii umeme, kinatumia miguu ya mtu. Mwaka ule miguu yenyewe ilikuwa yangu.

Sizungumzii kile cha plastiki ambacho unabonyeza kitufe kinapiga ngoma chenyewe, huku mpigaji anajifuta jasho la uongo. Chetu ni kabati. Kililetwa na wamisionari ambao hata wazee wamesahau walitoka nchi gani. Vibao vyake vyeupe vimegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na chini kuna vikanyagio viwili. Unakanyaga kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayepanda mlima akiwa ameketi. Ndani mvukuto unajaa, hewa inapita kwenye vindimi vya shaba, vindimi vinalia. Ukiacha kukanyaga, sauti haikatiki hapo hapo. Inaendelea kidogo kwa hewa iliyobaki, inalegea, inashuka, inakwisha.

Mpigaji alikuwa bibi yangu mzaa baba. Sisi Wajaluo bibi tunamwita Dani. Daktari wa kinanda alikuwa Babu, mume wake, fundi seremala. Panya wakitafuna ngozi ya mvukuto, Babu anaziba kwa mpira wa baiskeli. Kikanyagio cha kushoto kilipovunjika alichonga kingine cha mninga, akapigilia kandambili juu yake ili mguu usiteleze. Kandambili ilikuwa yangu. Niliitafuta nyumba nzima, nikamsingizia mbwa, mpaka Jumapili nilipoiona pale mbele ikimsifu Bwana.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kanisa, ua wa minyaa tu katikati, kwa hiyo nilikulia kati ya randa ya Babu na kinanda cha Dani. Tena nilikuwa na cheo. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, kwa hiyo bibi anakuwa mke mwenza. Dani hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita nyieka, mke mwenzangu.

"Nyieka, leo ni zamu yako kumpikia huyu mzee."

"Mume mwenyewe hana meno, Dani. Mimi natafuta mwenye meno."

"Ninayo manne," Babu anajibu bila kuinua macho kwenye ubao. "Mawili yako, mawili yake. Msigombane."

Ndipo dhahabu ikatoka upande wa Serengeti, ng'ambo ya Nyambureti. Sijui nani aliiona kwanza, kila kijiji kina mtu wake anayedai ni yeye. Ninachojua ni kwamba besi yote ya kwaya ilihamia machimboni, tenori ikafuata, tukabaki na soprano na mchungaji. Shuleni alitoroka mpishi, halafu mwalimu wa hesabu. Watu waliuza ndama wakanunua sululu. Ukipita sokoni unakuta mzee mzima ameinama barabarani anageuza jiwe, na akikuona anajifanya anafunga kiatu, wakati amevaa ndala.

Babu hakutaka dhahabu. Alitaka kazi ya matimba, ile miti inayosimamishwa ndani ya shimo kuzuia udongo usiporomoke. Shimo lenyewe wachimbaji wanaliita duara. Nilimuuliza kwa nini liitwe duara wakati kila mtu anasema limepinda kama utumbo wa mbuzi. Akaniambia swali hilo ni la mwalimu wa hesabu, na kwa bahati nzuri yuko kule kule, atamuuliza.

Asubuhi ya mwisho alikunywa uji amesimama, akasema atarudi jioni. Dani akamwambia asisahau gundi ya mvukuto. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho, ya gundi. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wingi ile wiki. Udongo uliposhuka, waliokuwa karibu na mdomo wa duara walitoka. Anayesimamisha matimba huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Babu alikuwa mbali kabisa, ndani.

Tulifika kwa lori la mchanga, Dani, baba yangu na mimi. Juu ya shimo palikuwa na mashine ya kupuliza hewa, wenyewe wanaiita bloa, na bomba refu la nailoni lililoshuka gizani kama nyoka anayerudi kwake. Sehemu iliyokuwa nje ilikuwa imejaa hewa, inatetemeka. Dani alikaa kando yake, akaweka kiganja juu ya bomba. Hakulia. Wanawake wengine walilia, wakamtazama, wakanyamaza kwa aibu.

"Anapumua," alisema. "Mkono wangu unasikia."

Vijana walichimba kwa zamu. Walichotoa udongo ukarudisha. Mwanzoni kuna waliosema wanasikia mtu anagonga, baadaye wale wale wakasema labda ni maji. Siku zilipita, nami sikumbuki zilipitaje, nakumbuka mlio wa bloa tu. Au niseme sikumbuki hata huo, kwa sababu tuliuzoea kama mtu anavyoizoea pua yake. Ulipozimwa ndipo nikausikia.

Aliyezima alikuwa kijana mwenye tochi kichwani. Wakubwa wa machimbo walikuwa wamekubaliana kwamba ardhi bado inatembea, watakufa wengine, basi duara lifungwe. Kijana akaona dizeli inaungua bure, akanyoosha mkono, kap. Bomba likanywea chini ya kiganja cha Dani.

"Nani amekutuma uzime?"

"Shikamoo, bibi."

"Sijakuuliza hiyo."

"Mafuta, bibi. Na wakubwa wamesema..."

"Si ungeipunguza kwanza? Mtu anazimiwa hewa hivyo, kama taa ya choo?"

Kijana alisimama pale, tochi yake ikimulika mchana kweupe. Nadhani kama angeambiwa aingie yeye shimoni muda ule, angeingia.

Tulirudi bila Babu. Na hapo ndipo lilipoanza jambo lenyewe, kwa sababu kwetu mtu asiyeonekana haachwi hivi hivi. Ndugu zake Babu, walioko ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, walituma ujumbe: litafutwe yago, lile tunda refu zito la mwegea, lizikwe badala yake, mwenye roho apate mahali pa kulala. Lisipozikwa, huyo mtu atazunguka. Atakuja kwenye ndoto anaulizia kitanda chake. Na mjane naye hawezi kumaliza matanga, atabaki mlangoni, hayuko ndani wala nje. Ila mjane lazima awepo kaburini. Bila yeye hakuna maziko.

Dani akakataa.

"Alisema atarudi jioni," alimwambia baba yangu. "Jioni haijafika."

"Mama, zimepita jioni ngapi?"

"Hizo ni zenu. Siku ile haijaisha."

Baba alitoka nje akasimama kwenye ua wa minyaa, amenipa mgongo. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha.

Jumapili iliyofuata, baada ya wimbo wa kutoka, watu wakishika mikoba yao, Dani aliweka vidole juu ya vibao viwili vya chini vinavyopakana, akavibonyeza pamoja, hakuviachia. Vibao vya jirani havitakiwi kulia pamoja. Vinagombana. Sauti inakuwa moja lakini inatikisika ndani yake, inavimba, inanywea, inavimba, inanywea. Mwalimu wa kwaya, kijana aliyesomea muziki chuoni na mwenye mapenzi makubwa na kile kinanda cha plastiki, alimwinamia kwa adabu.

"Mama, umekosea kibao."

"Sijakosea."

"Vinagombana, mama."

"Ndivyo ilivyokuwa inalia."

Mimi nilishaelewa. Ilikuwa bloa. Aliitafuta kichwani, akaikuta haipo kwenye kibao chochote, ipo katikati ya viwili, akaikamata kwa kuvigombanisha.

Tangu hapo alikwenda kanisani kila siku. Vidole vilipochoka aliweka mawe juu ya vibao, magwangala, yale mabaki ya mwamba yanayotupwa kando ya duara. Alikuwa amebeba mawili kwenye khanga siku tuliyorudi. Vibao vinabaki vimelala chini ya mawe, miguu inakanyaga, sauti inakwenda. Miguu yake ilipovimba ikawa kama viazi vikuu, nikaanza kuletwa mimi baada ya shule. Nakaa kwenye benchi upande wa kushoto, nakanyaga, yeye anakaa kulia na mikono mapajani. Mara chache, chache sana, ananyanyua mkono anagusa kibao kimoja cha juu kabisa, ting, anarudisha mkono. Nilimuuliza hicho ni nini.

"Maji. Kule chini kuna mahali yanadondoka."

"Umejuaje?"

"Alinisimulia. Alisema yanamuudhi."

Mimi niliupa muziki ule jina, Wimbo wa Friji, kwa sababu duka la njia panda lina friji ya soda inayolia vile vile. Dani hakukasirika.

"Friji inahifadhi," alisema. "Endelea kukanyaga."

"Na usiku je, Dani? Tukifunga kanisa?"

"Usiku amelala. Mtu aliyelala hatumii hewa nyingi. Kwani wewe hulali umejifunika shuka mpaka kichwani? Umekufa?"

Nilirudi kwenye vikanyagio.

Mwalimu wa kwaya alizoea kuja kusimama mlangoni. Alianza kwa huruma, akaenda kwenye udadisi, mwishowe nadhani alinaswa kama sisi.

"Ubeti unaingia lini, mama?"

"Hauna ubeti."

"Kiitikio?"

"Wewe ndiye kiitikio. Kila siku unarudi na neno lile lile."

Kwa ile miguu nilijifunza mambo ya wakati ambayo hayamo kwenye kitabu cha fizikia. Dakika za kwanza ni ndefu, unahesabu vioo vya dirisha, unamsema mchungaji kimoyomoyo, unawashwa mahali ambapo huwezi kujikuna kanisani. Ukivuka hapo, dakika zinakwisha. Namaanisha hazipo tena. Kuna sauti tu, inavimba na kunywea, na wewe hujui umeanza leo au juzi. Jua linahama kutoka benchi hadi benchi kama mtu anayetafuta nafasi. Nilijaribu kuomba, nikaona maombi yana mwanzo na amina, hayakai mle ndani. Kwa hiyo nilikanyaga. Na mara nyingine, sikupenda mara hizo, nilihisi kikanyagio cha kushoto, kile cha kandambili, kinapanda kukutana na mguu wangu kabla sijaunyanyua. Kama vile upande wa chini kuna mguu mwingine nao una zamu.

Nilimwambia Dani. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa chai iko tayari.

Nje ya kanisa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Darasani miguu yangu ilikanyaga chini ya dawati mpaka mwalimu wa kemia akauliza kama ninashona cherehani. Darasa likacheka, nami nikamwambia nashona suruali yake, nikapewa adhabu ya kufyeka, sawa. Lakini umeme ukikatika Turwa, na unakatika sana, ile friji ya njia panda inajitikisa na kunyamaza, na mimi nilikuwa nasimama katikati ya barabara na ndoo kichwani, nimeshika pumzi, naangalia chini. Bodaboda wananitukana. Sisogei mpaka friji iwake.

Siku moja tulikuta jiwe moja halipo. Kibao kimekaa mtupu. Dani aliweka kidole chake pale badala ya jiwe, akakiacha hapo mchana mzima. Kumbe aliyechukua ni mwimba besi mmoja aliyekuwa amerudi kutoka machimboni kujitibu malaria. Macho yake yalikuwa yameshaharibika, kila jiwe aliliona linameta. Alilipeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mwamba, wakalisaga. Alikuja na unga kwenye kikombe cha plastiki.

"Bibi, hamna kitu," alisema, kana kwamba ndilo swali tulilokuwa nalo. "Nilidhani mmelificha mle kwenye kinanda makusudi. Nisamehe."

Dani alichungulia kikombe. "Ulisikia nini ulipolibeba?"

"Uzito, bibi."

"Basi nenda ukatafute lingine lenye uzito huo huo. Sauti imekuwa nyepesi upande mmoja."

Alitafuta. Alileta mawe ya kila aina, anayajaribu mwenyewe juu ya kibao, mtu mzima anayewinda jiwe lisilo na dhahabu. Alipopata lililofaa alikaa benchi la nyuma akasikiliza mpaka tukafunga.

Ndugu za ng'ambo hawakungoja zaidi. Mdogo wake Babu, ambaye kwangu ni babu pia, alikuja na yago limefungwa kwenye blanketi, Baba akachimba kaburi nyuma ya nyumba, maziko yakapangwa Jumamosi. Ilibidi yago litoke pale Babu alipozaliwa, ndiyo maana walilivusha mpaka, ingawa kwetu pia mwegea uko kila bonde. Huyu babu wa ng'ambo aliwasimulia waombolezaji, amekaa kwenye kiti cha kukunja, soda mkononi.

"Tulifika Sirari, afisa akauliza hii mzigo ni nini. Si nikamwambia ni ndugu yangu. Akatoa kofia, akasema pole mzee, akaitisha kibali cha maiti. Hatuna. Akafungua blanketi. Akaangalia. Akaniangalia. Akasema mzee, hii ni tunda, leta kibali ya mimea. Nikamwambia afande, hii ni maiti. Akasema chagua moja!"

"Ukachagua ipi?" mtu aliuliza.

"Nikachagua kurudi nyuma na kupita njia ya ng'ombe."

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, halafu machozi yakaendelea yenyewe. Wanafunzi wa Babu wa useremala walikuwa wametengeneza jeneza fupi, limepigwa randa vizuri sana. Yago lililazwa ndani, wakalivalisha koti lake la Jumapili. Koti lilikaa vizuri kwenye tunda kuliko lilivyokuwa linamkaa Babu mwenyewe. Nilitaka kuyasema hayo kwa sauti, nikageuka kutafuta wa kumwambia, nikakumbuka kwamba wa kumwambia ndiye tunayemzika.

Dani hakuwepo uani. Sauti ilishaanza kanisani tangu asubuhi, tena kwa miguu yake mwenyewe iliyovimba. Nilikwenda kumpokea vikanyagio kwa sababu ningefanya nini. Mawe mawili yalikuwa mahali pake. Alihamia kulia bila kunitazama.

"Watakuja," alisema.

Walikuja mmoja mmoja. Mchungaji alikuja kwanza, akasema mambo ya faraja, akashindwa kuyamaliza kwa sababu hayakuwa na pa kuingilia. Akaja mwalimu wa kwaya, akakaa. Akaja Baba na udongo wa kaburi kwenye viatu.

"Mama, twende. Watu wako juani."

"Nikimaliza."

"Unamaliza saa ngapi?"

"Wimbo haujafika."

Mwisho alikuja babu wa ng'ambo, na huyu alikuwa amechoka kwa haki, amekuja mbali, ana ng'ombe aliowaacha nyumbani. Alimtazama Dani, akatazama mawe, akafuata sauti mpaka chini, akafika kwenye miguu yangu.

"Kwani ni huyu msichana anaendesha? Wewe, si utoe miguu tu tumalize hii maneno?"

Wote wakaniangalia miguu. Sijawahi kuwa na miguu muhimu hivyo. Ilikuwa kweli, ningeiinua tu. Hewa ya akiba ingelia kidogo, ingekwisha, Dani angesimama kwa kukosa la kufanya, Babu angezikwa, matanga yangeisha, wageni wangekula. Nilimtazama Dani pembeni. Kiganja chake kilikuwa kimelazwa juu ya kinanda, kimetandazwa, kama kilivyokuwa juu ya lile bomba.

Niliendelea kukanyaga.

"Shikamoo, babu," nilisema.

"Marahaba. Nimesema utoe miguu."

"Siwezi. Huyu mume si wa Dani peke yake."

Mchungaji alikohoa. Baba alisema jina langu kwa ile sauti ya kuniita nyumbani nikapigwe. Lakini nilishafungua mdomo, na mdomo wangu ukishafunguka huwa nao hauna ubeti.

"Mke mwenzangu," nilimwambia Dani, "umekaa naye tangu mvua zile. Usiku wako, mchana wako, Jumapili zote zako. Mimi zamu yangu iko wapi? Nyumba gani hii ya wake wawili mmoja anashikilia mume kama mkoba? Mimi nilimpikia nini? Uji ulioungua. Nimempa nini? Kandambili moja, tena ya kuibiwa. Nenda nje ukashughulikie wageni, mkubwa ni wewe. Mimi nabaki naye. Leo ni zamu yangu."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimekusudia wacheke. Sauti yangu ilinigeuka pale kwenye neno kandambili, ikawa ya mtoto.

Dani aligeuka, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Alitazama uso, akatazama miguu, muda mrefu, kama Babu alivyokuwa anatazama kiungo cha meza kuona kama kimekaa.

"Utamwachia," alisema.

"Sitamwachia."

"Utachoka."

"Nikichoka je?"

Sauti ilivimba ikanywea mara nyingi. Kisha aliniinamia sikioni, na alinuka dawa ya kuchua na moshi wa kuni.

"Ukichoka, usikate. Wale walikata. Punguza. Mwache ashuke mwenyewe, nyieka. Polepole, ajue anashuka."

Akanyanyuka kwa kushika bega langu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Alifunga khanga vizuri, akampita babu wa ng'ambo, akampita Baba, akatoka kwenye mwanga wa mlangoni, na wote wakamfuata wakitembea kwa vidole vya miguu kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa.

Nikabaki na Babu.

Madirisha yalikuwa wazi na kaburi halikuwa mbali, ua wa minyaa tu. Nilimsikia mchungaji, nikasikia wanawake wakiimba, na ule wimbo wao ulipita juu ya sauti yangu bila kuigusa. Nilikanyaga. Kushoto, kulia. Nilimwambia Babu mambo kadhaa ambayo ni yetu. Nilimwambia koti limemkaa. Nje wimbo uliisha, halafu nikasikia udongo wa kwanza ukigonga mbao. Sauti ya udongo juu ya jeneza tupu ni kubwa, lakini hilo halikuwa tupu. Lilipokea kwa uzito.

Niliondoa jiwe la kulia. Ugomvi uliisha. Ikabaki sauti moja iliyonyooka, haitikisiki tena, na kanisa likawa pana ghafla. Nikapunguza mguu. Nikapunguza tena. Nilikanyaga kama mtu anayetembea karibu na mtoto aliyelala, kisha kama mtu anayefikiria kutembea. Sauti ilishuka kidogo kutoka mahali pake, ikawa nzito, ikawa na mchakacho wa shaba, ikawa pumzi inayopita tu bila mlio. Nikainua miguu yote miwili nikaikunja chini ya benchi.

Kukawa kimya. Huko nje udongo ulikuwa unaingia kwa majembe sasa, harakaharaka.

Ndipo kikanyagio cha kushoto, kile cha mninga chenye kandambili yangu, kiliposhuka. Hapakuwa na mguu juu yake. Kilishuka mpaka mwisho, bila haraka, kikapanda, na chini ya jiwe lililobaki sauti ikatoka mara moja, fupi, kama mtu anayejibu akiwa tayari ameshageuka kuondoka. Hakikushuka tena. Nimeshaambiwa na mwalimu wa kwaya kwamba springi ikichoka hufanya hivyo. Inawezekana. Lakini springi ile aliifunga Babu.

Dani alirudi mikono ikiwa na udongo mpaka viwikoni. Hakunawa. Alikaa kulia, mahali pake, akatazama jiwe moja, akatazama miguu yangu iliyokunjwa.

"Alishuka vizuri?"

"Alishuka vizuri."

"Hakushtuka?"

"Hakushtuka, Dani."

Alivuta pumzi, akaitoa yote. Nje babu wa ng'ambo alikuwa anauliza chakula kiko wapi. Dani aliondoa jiwe la mwisho, akalitia kwenye khanga, kibao kikapanda taratibu, kimeshasahau kupanda. Alishusha kifuniko.

"Alikuwa mzito, huyu mume wako," nilisema.

"Mume wetu," alisema. "Twende ukasaidie kugawa sahani. Jua linazama."

Niligeuka kutazama dirishani. Kweli, jioni ilikuwa imefika. Kuhusu kile kikanyagio sikumwambia.